Nyimbo Zilizofutika Kwenye Flashi ya Mjomba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupenda usafi. Sikuweza kuvumilia faili mbili zenye kazi moja. Wenzangu walikuwa na "barua", "barua2", "barua ya mwisho" na "barua ya mwisho kabisa", na mimi nikipita nyuma yao nilihisi kuwashwa mwili mzima. Kwangu kitu kimoja kilistahili faili moja. Kwa hiyo mjomba aliponikabidhi flashi yake yenye nyimbo za kwao, na nikakuta humo nakala tatu za faili ileile, nilizilinganisha, nikaacha iliyokuwa ndefu kuliko zote, nikafuta nyingine mbili. Nilijisikia kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja. Halafu nikaanza kufanya kazi humo humo ndani ya flashi, bila kuweka hata nakala moja kwenye kompyuta yangu.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa katekista huko Djugu. Kwa miaka mingi alikuwa akichapa nyimbo za lugha yetu kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia, mbili au tatu kwa juma, kila umeme ulipopatikana. Zilifika mia moja na kumi na mbili. Vita iliporudi upande wao alitembea siku mbili mpaka Bunia, tulikokaa mimi na mama, pamoja na mke wake, watoto wanne, kuku mmoja, na flashi hiyo ameifunga kwenye uzi wa rozari shingoni. Madaftari aliyoyaandika kwa mkono yalibaki nyumbani, na nyumba iliungua. Kuku tulimla siku ya Pasaka. Ilibaki flashi.

Waliishi chini ya turubai kwenye kambi ya nyuma ya parokia, na kila siku saa sita mjomba alikuja kwetu kula pamoja na mama. Huko kambini palikuwa pameshaundwa korale, yaani kwaya, ya watu wa vijiji sita au saba, wengi wao akina mama. Mjomba aliwaahidi kitabu cha nyimbo kwa ajili ya Pentekoste. Alikuwa na sababu. Watoto wa kambi walikuwa wameanza kusema Kiswahili cha Bunia tu, na walipomsikia bibi yao akisema lugha ya nyumbani walicheka.

"Kila mutu ashike yake mu mukono," mjomba alisema. "Mutoto akiona bibi anasoma, atanyamaza."

Shida ilikuwa herufi. Lugha yetu ina irabu ambazo Kifaransa hakina, na juu yake kuna alama za sauti. Zamani, kwenye ofisi ile, mtu mmoja mwerevu alikuwa ameweka mwandiko wa pekee: unabonyeza ç, skrini inachora irabu yetu. Pale ofisini ilionekana vizuri kabisa. Kwenye kompyuta nyingine yoyote, wimbo wa sifa ulitokea umejaa ç, ÷ na £.

"Angalia," mjomba aliniambia huku akicheka, "Mungu amegeuka pesa ya Waingereza."

Nikamwambia nitatengeneza. Akauliza siku ngapi. Nikasema mbili.

"Tia tatu," akasema. Alinijua.

Nilikuwa na miaka ishirini. Masomo yalikatika kila barabara ilipofungwa au milio iliposikika upande wa milima, na katika mapengo hayo nilijifundisha kuandika programu. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na diski niliyonakili kwa rafiki, na ndani yake kitabu cha Kifaransa kisicho na kurasa za mwanzo, kuhusu lugha moja ya programu ambayo kila kitu ndani yake ni fonksio, zile zile za hesabu ya shuleni: unaipa kitu, inakurudishia kitu, na haigusi kingine chochote. Ukiipa kitu kilekile mara mia, jibu ni lilelile mara mia. Niliipenda kupita kiasi. Tulikaa kwenye mji ambao njia ya Bogoro ilikuwa wazi Jumatatu na imefungwa Jumanne, na hakuna aliyeweza kukwambia kwa nini. Fonksio ilikuwa mahali pa kupumzikia.

Nikaanza na herufi. Faili haina herufi ndani yake, ina namba tu, na lazima mtu aseme namba ipi ni herufi ipi. Zamani kila ofisi ilisema yake. Unicode ilikuja kuipa kila herufi ya dunia namba yake moja. Nilikaa asubuhi nzima nikitafuta irabu zetu katika jedwali, na nilipozikuta, kila moja na namba yake na jina lake rasmi, nilimwita mama kutoka jikoni.

"Mama, wanatujua!"

"Nani?"

"Watu wa herufi. Angalia, hii ni yetu. Na hii."

Mama alipangusa mikono, akatazama. "Ni vizuri," akasema. "Basi watuletee na barabara."

Programu yenyewe ilikuwa fupi. Isome faili kwa kodi ya zamani, yaani ule mpango wa namba na herufi wa ofisi ile, ibadilishe kila alama ya uongo iwe irabu ya kweli, iandike tena kwa UTF-8, ambayo ndiyo njia ya kuandika namba za Unicode ambayo karibu kila kompyuta inaielewa. Mara ya kwanza ilikataa kwa sababu sikuwa nimetaja kodi ya kusomea, nayo ikadhani faili ni UTF-8 tayari, ikakutana na namba isiyoielewa, ikasimama. Hilo nilirekebisha haraka na nikajisifu. Mara ya pili ilikataa kwa sababu nyingine: faili bado inatumika.

Lugha ile ya programu ina tabia ambayo wenyewe wanaiita uvivu, na wanaisema kwa fahari. Ukiiambia isome faili, inaitika ndiyo, lakini haisomi. Inangoja mpaka mtu ahitaji herufi ya kwanza, ndipo inasoma kidogo, halafu kidogo tena. Mimi nilikuwa nataka kuandika juu ya faili ileile iliyokuwa bado mkononi mwake. Nikitazama nyuma, naona kwamba ilikuwa inanikinga. Wakati ule niliona inanikosoa mbele za watu, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu. Nikatafuta kwenye kitabu mpaka nikaona namna ya kuifunga faili mimi mwenyewe kabla ya kuandika. Safari hii haikubisha. Ilimaliza kabla sijaondoa kidole, na nikafurahia kasi hiyo.

Nikafungua faili kuona irabu zetu. Ilikuwa tupu.

Nilikuwa nimeifunga kabla programu haijasoma hata herufi moja. Halafu nikaifungua kwa ajili ya kuandika, na faili ikifunguliwa hivyo inafutwa kwanza. Nyimbo mia moja na kumi na mbili zilikuwa zimekuwa sifuri, na ile sifuri ilikuwa imeandikwa kwa UTF-8 safi.

Niliweke wazi na kosa la pili, maana hilo halikuwa la kutojua bali la hofu. Badala ya kuichomoa flashi na kuiweka kando, nilijaribu kila ujanja humo humo ndani. Niliandika faili za majaribio, nikafuta, nikaandika tena. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba maneno yaliyofutwa mara nyingi hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hicho kitu kingine nilikiandika mimi, mara nyingi sana.

Kwa siku tatu sikusema. Mjomba alikuja saa sita, akanawa mikono, akauliza, "Nyimbo zinaendelea?"

"Zinaendelea, mujomba."

Nilimega bugali kidogo tu. Mama aliona sili, akasema ni malaria, akaniletea vidonge. Nikavimeza vyote. Nadhani ni mimi peke yangu katika mji ule niliyetibiwa malaria kwa ajili ya faili. Chumbani nilijaribu kuandika upya nyimbo nilizozijua. Nilijua mbili nzima, na viitikio vya saba.

Siku ya nne mjomba alikuja mapema, na fungu la lengalenga mkononi, mama akiwa bado sokoni. Tulikaa kwenye ngazi ya mlango tukichambua majani. Nilimwambia nikiwa nimeinamia mboga.

"Mujomba, zimefutika."

"Nini?"

"Nyimbo. Nilifuta. Zote."

Aliendelea kuchambua. Jani moja, la pili. "Hata moja haibaki?"

"Hata moja."

"Na zile nakala zingine mbili nilifanyaka?"

"Nilifuta mbele ya kuanza. Nilitaka iwe moja, safi."

Hapo aliacha majani. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Alishika uzi wa rozari pale ilipokuwa imening'inia flashi, akaukuta mtupu, akaushusha mkono.

"Tangu siku gani?"

"Siku tatu."

"Siku tatu ninakuuliza, weye unanijibu zinaendelea." Akasimama, akakung'uta suruali. "Siye tuko na mazoezi leo, saa tisa. Utakuja. Utasema weye mwenyewe, si mimi. Lete na masini yako."

Akaondoka bila kula.

Korale ilifanyia mazoezi kwenye darasa la watoto kambini, chini ya turubai. Walikuwa zaidi ya thelathini. Kiongozi wao, ambaye wote walimwita Mama Prezida, alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mjomba alisema tu, "Mutoto wa dada yangu iko na neno," akaenda kukaa nyuma kabisa.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilieleza kuhusu kodi, kuhusu faili iliyofungwa, kuhusu uvivu wa lugha. Nilipofika katikati, Mama Prezida aliinua mkono.

"Ngoja kwanza. Hii masini imekula nyimbo?"

"Ni mimi, mama. Masini ilifanya nilichoiambia."

"Nyimbo yote ile imekula na haishibe?"

Kicheko kilianza mbele kikaenda nyuma. Mama mmoja akasema kumbe ndiyo maana nimekonda, mashine inakula na mimi sili. Mwingine akauliza kama mashine itaweza kuimba sasa, kwa kuwa nyimbo ziko tumboni. Nilisimama pale, masikio yanawaka, nikingoja wamalize ili waanze kukasirika.

Hawakuanza. Mama Prezida alipangusa macho kwa kitenge.

"Weye mutoto, ulifikiri nyimbo iko mu ile kitu? Mujomba yako alizitoa wapi? Alizitoa kwa siye. Kaa chini. Fungua masini yako. Bon, nani iko na ya kwanza?"

Ndipo nilipojifunza desturi ambayo mjomba hakuwahi kuiandika popote, kwa kuwa kwake ilikuwa kama kupumua. Kwenye korale zao kila wimbo una mwanzishi wake. Ni mtu mmoja, aliyeuleta au aliyerithishwa, na bila yeye kutoa sauti ya kwanza hakuna anayeuimba. Mama Prezida alitaja wimbo, mwenyewe akasimama, akaanza, wengine wakajibu, na mimi nikachapa. Nilikuwa nimeandaa kibodi yenye irabu zetu, kwa hiyo herufi ziliingia zikiwa za kweli tangu mwanzo. Kila wimbo ulipoisha nilihifadhi faili nzima upya mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye kadi ya simu. Jina la faili lilibeba tarehe na saa. Siku ya kwanza tu kila mahali nilikuwa na faili kumi na nne zinazofanana, na kuwashwa kwangu kulianza palepale, nikavumilia.

Tulifanya hivyo alasiri kwa alasiri. Betri ilipoisha nilipeleka kompyuta kwa jirani mwenye kuchaji simu, na akina mama wakaendelea bila mimi, halafu wakarudia.

Vita vyangu na ukamilifu vilikuja siku ya tatu, kwenye ubeti mmoja. Akina mama wawili wa vijiji jirani waliuimba tofauti, mmoja akisema mto, mwingine bonde.

"Lipi ndilo sahihi?" nikauliza.

"Kwetu tunaimbaka hivi."

"Kwenu munakosaka tangu zamani!"

"Siye? Wimbo ulitoka kwetu, nyinyi mulisikia kwa mbali, mukashika nusu!"

Nikasema lazima tuchague, kitabu hakiwezi kuwa na mawili. Nilisema kwa sauti ya mtu wa ofisi, nasikia aibu mpaka leo. Mama Prezida akaniangalia kwa huruma.

"Andika ya huyu. Chini yake andika ya ule. Pentekoste kila mutu atasoma ya kwao, na Mungu atachagua."

Niliandika zote mbili. Vidole vilikataa kidogo.

Kufikia juma la tatu tulikuwa na karibu zote za mjomba, na nyingine ishirini na tano ambazo hakuwa nazo, kwa kuwa faili yake ilikuwa ya parokia moja tu na korale ilikuwa ya vijiji saba. Ulibaki wimbo wenyewe wa Pentekoste, ule wa kuingilia kanisani. Kitabu bila wimbo huo kisingekuwa na maana, na mwanzishi wake hakuwa Bunia. Alikuwa amekimbilia Tchomia, anakausha samaki huko ziwani.

"Lakini ninyi wote mnaujua," nikasema. "Nitajieni maneno tu, msiimbe."

Mjomba, aliyekuwa bado anakaa nyuma na hakuwa amesema nami zaidi ya salamu, alijibu kwa mara ya kwanza.

"Mwenyewe iko hai. Hatuwezi kumuanzia."

Ikabidi simu. Mtandao wa Tchomia ulikuwa wa kubahatisha, na tulijaribu siku mbili. Alipopatikana, simu ya Mama Prezida iliwekwa juu ya benchi, sauti ya nje, na watu thelathini wakainama juu yake.

"Ni nani anaandika?" sauti ya mama mzee iliuliza, na nyuma yake watu wakipigia kelele samaki. "Ni ule alikula nyimbo?"

Habari zangu zilikuwa zimefika ziwani kabla ya mtandao.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Usikule na hii. Niko naanza."

Akaanza. Sauti ilikatika, ikarudi. Korale ilijibu, akawasimamisha: wamejibu kwa uchovu, hataki, waanze upya. Mama Prezida mwenyewe alikaripiwa kwa simu, jambo ambalo wengi walilifurahia waziwazi. Mara ya nne waliuimba mpaka mwisho, na watu wa kambi wakatoka chini ya maturubai yao kuja kusikiliza. Nilichapa nikiwa sioni vizuri.

Nilipoinua kichwa mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma skrini. Alinyoosha kidole kwenye irabu moja yenye alama yake juu.

"Hii iko vizuri," akasema. Kisha, "Una nakala?"

"Tatu."

"Tia ya ine." Akanyoosha mkono, nikampa flashi, akaifunga tena kwenye uzi.

Siku mbili kabla ya Pentekoste nilikwenda kwenye duka la kuchapa. Mwenye duka alifungua faili yangu kwenye kompyuta yake, akabonyeza kuhifadhi kwa mazoea, na nilipoirudisha kwenye programu yangu ndogo ya kupanga orodha ya nyimbo, wimbo namba moja ulikosekana. Lakini safari hii nilisoma faili namba kwa namba badala ya kuigusa, nikaona kompyuta yake imeongeza mwanzoni alama isiyoonekana, ambayo baadhi ya programu huiweka kusema kwamba hii ni Unicode. Programu yangu iliona alama hiyo mahali ilipotarajia tarakimu, ikauruka wimbo. Nikaongeza fonksio ya kuiondoa, mstari mmoja, na nikaijaribu kwenye nakala. Jenereta ya duka ilizimika mara moja katikati ya uchapaji, ikawashwa tena.

Vitabu vilitoka vikiwa bado vya moto. Kwenye njia ya kurudi nilikagua na kukuta wimbo mmoja umechapwa mara mbili, kurasa mbili zinazofuatana. Nilimwonyesha mjomba mlangoni pa kambi kabla hajakiona mwenyewe, nikamwambia ninaweza kukimbia kurudi.

"Wacha," akasema, akinipokonya rundo. "Watafikiri ni wa muzuri sana."

Pentekoste waliingia kanisani na vitabu mkononi. Mama Prezida aliweka simu mbele ya kipaza sauti, Tchomia ikaanzisha, kanisa likajibu. Kwenye ubeti wa mto na bonde nusu waliimba hivi na nusu vile, kila upande ukiongeza sauti. Watoto walikuwa wamebanana kwa bibi zao, wakifuata kwa kidole mistari wasiyoielewa yote.

Tangu wakati ule siandiki juu ya faili ninayoisoma. Programu zangu husoma huku na kuandika kule, na kodi ya herufi naitaja wazi pande zote mbili. Nikiharibu kazi ya mtu, ninamwambia siku hiyohiyo, kabla ya chakula.